Ukuta wa nyuma unaota kuvu kila mvua ikianza: nianze na javeli au na dawa ya wadudu?

Swali: "Niko Kadutu, hapa Bukavu, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na saloni. Nyuma ya nyumba ni mlima, na ukuta wa chumba cha watoto umeegemea udongo. Kila mwaka mvua ikianza mwezi wa tisa, madoa meusi yanaota chini ya ukuta huo, mengine yanatokea kwenye pembe za juu. Mwenye nyumba amepaka rangi ya mafuta mara mbili, lakini inavimba na kubanduka. Nguo za kabati zinanuka. Sasa naona vidudu vidogo vyeupe vinatembea ukutani, jikoni mende wamejaa, na usiku panya wanaingia. Mtoto wangu wa mwisho anakohoa akilala. Sokoni kuna kijana anauza dawa ya chupa ndogo, anasema niipulizie nyumba nzima jioni. Nianze na nini, javeli au ile dawa?"

Mama, nakusalimu wewe na watoto. Ile chupa usiinunue, na javeli, yaani maji ya kupaushia nguo, ingoje kidogo. Umeandika maneno machache ambayo yanaeleza karibu shida zako zote: ukuta umeegemea udongo. Nyumba yako ina maji yasiyotakiwa, na kuvu, vidudu vyeupe na hata mende wanaishi kwa maji hayo. Tutayatafuta moja moja, maana si maji ya aina moja.

Lakini kabla ya yote, leo hii, sogeza kitanda cha watoto. Kiondoke kwenye ukuta huo kabisa, kiende upande wa pili wa chumba, na kama godoro liko chini sakafuni, liinue juu ya mbao ili hewa ipite chini yake. Ukigeuza godoro ukaona madoa meusi upande wa chini, lianike juani siku nzima. Kama madoa yameingia ndani ya sponji, hakuna sabuni itakayoyatoa, na godoro hilo halifai tena kulaliwa na mtoto mwenye kifua. Najua godoro ni pesa nyingi. Hata hivyo nalisema, kwa sababu mtoto anaweka pua yake hapo kwa muda wa saa tisa au kumi kila usiku.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya unyevu na kuvu ndani ya nyumba. Mwongozo huo unasema wazi kwamba watu wanaoishi katika nyumba zenye unyevu wanapata zaidi kikohozi, kubanwa na pumu kuliko wengine. Haukuweka kipimo cha kusema kuvu kiasi hiki ni salama. Ulisema unyevu uzuiwe. Kwa hiyo kikohozi cha mtoto wako mpeleke nacho kituo cha afya, na umweleze daktari hali ya chumba. Akipiga filimbi kifuani, au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, usingoje kesho.

Sasa tuje kwenye ukuta. Mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali, ndogo kuliko vumbi, na hakuna mtu anayeweza kuzimaliza. Chakula chake nacho kiko kila nyumba: vumbi, rangi, mbao, karatasi, kitambaa, gundi ya tripleksi (mbao nyembamba zilizogandishwa). Kitu pekee unachoweza kuinyima ni maji. Kitu kilicholowa kikikauka ndani ya siku moja au mbili, kwa kawaida kuvu haipati nafasi ya kuota. Kikibaki kibichi zaidi ya hapo, inaanza. Ndiyo maana rangi ya mwenye nyumba haikusaidia. Rangi ya mafuta inaufunga ukuta kwa mbele, wakati maji yanaendelea kuingia kwa nyuma. Chukua sindano utoboe moja ya yale malengelenge ya rangi karibu na sakafu. Ikitoka tone la maji au unga mweupe uliolowa, umepata jibu la kwanza.

Ule unga mweupe watu wengi wanauita kuvu, lakini ni chumvi. Maji yanapopita ndani ya tofali na simenti yanabeba chumvi, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuiacha hapo. Tia tone la maji juu yake: chumvi itayeyuka na kupotea, kuvu itabaki. Chumvi haimdhuru mtoto, ila inakuonyesha njia ambayo maji yanapita. Tazama pia jinsi doa lilivyokaa. Maji yanayopanda kutoka ardhini yanaacha mstari wa kwenda na ukuta, mara nyingi chini ya mita moja kutoka sakafuni, kama alama ya maji ya ziwa kwenye jiwe. Maji yanayoingia kwenye ufa yanaacha doa linalofuata ufa. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliacha nyufa katika nyumba nyingi za Bukavu, na nyingine zilizibwa kwa rangi tu. Kadutu tena miteremko mingine inasogea polepole, kama kule Funu, na kila ikisogea kidogo kuta zinapasuka upya. Kwa hiyo pita nje na ndani utazame.

Kwa pembe za juu nataka ufanye jaribio lisilogharimu kitu. Kata vipande viwili vya plastiki safi, kila kimoja upana wa dhiraa moja hivi, uvibandike ukutani kwa skoch (utepe wa gundi) pande zote nne ili hewa isipite. Weka kimoja chini kwenye madoa, kingine juu kwenye pembe, kwenye sehemu ambayo rangi imebanduka. Viache siku mbili. Jasho likitokea nyuma ya plastiki, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Likitokea mbele, upande wa chumba, maji yanatoka kwenye hewa ya chumba chenyewe. Kwa jinsi ulivyonieleza, nadhani kipande cha chini kitalowa nyuma na cha juu kitalowa mbele. Ni shida mbili ndani ya chumba kimoja, na kila moja ina dawa yake. Hicho kipande cha plastiki kitunze umwonyeshe mwenye nyumba. Kitasema vizuri kuliko maneno.

Ya juu unaweza kuanza kuitibu wewe mwenyewe. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku kuna baridi, na manjanja (mabati ya paa) yanapoa upesi sana. Watu wanne wakilala chumbani usiku kucha, pumzi na jasho lao hutoa lita moja ya maji au zaidi kidogo. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya wezi na mbu, nguo za shule zimetundikwa kwenye kamba ndani kwa sababu nje kunanyesha, sufuria ya maharagi imechemka tangu saa kumi mlango wa jikoni ukiwa wazi kuelekea vyumbani. Maji hayo yote yanatafuta mahali pa baridi pa kutua, yanapata pembe ya ukuta chini ya manjanja. Asubuhi unaona pembe inang'aa, na mwezi ukiisha imekuwa nyeusi.

Fungua dirisha na mlango pamoja kila asubuhi, hewa ipite moja kwa moja, robo saa hivi, hata kama nje kuna ubaridi. Nguo mbichi zisikaushwe chumba cha kulala; kama hakuna baraza, zianike saloni dirisha likiwa wazi, mlango wa vyumba umefungwa. Sufuria ifunikwe. Kabati lisogee mbali na ukuta, upana wa kiganja, na nguo zisishindiliwe ndani. Mwombe mwenye nyumba atoboe matundu mawili juu ya ukuta wa mbele au aweke klostra (matofali yenye matundu), yawe na wavu mdogo wa kuzuia mbu na panya. Nyumba za zamani za Muhumba na Nguba zilijengwa na matundu ya namna hiyo juu ya madirisha, na mara nyingi naona watu wameyaziba kwa simenti ili nyumba ipate joto. Nasikitika kila nikiyaona. Pale chini ya manjanja, plafo (dari) ya tripleksi nayo inasaidia, mradi manjanja hayavuji.

Jambo moja nakuomba sana: usiingize mbabula (jiko la makaa) yenye makala chumbani ili kukausha ukuta au kuwapa watoto joto. Makala yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini. Ukuta haukauki kwa usiku mmoja wa moto, na roho za watoto hazirudi.

Ya chini, ile ya udongo, ni kazi ya mwenye nyumba, na sitakudanganya kwamba kuna rangi au plasta ya ndani itakayoimaliza. Udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi unashika maji wiki nzima baada ya mvua kukatika, na ukuta ulioegemea udongo huo unakunywa muda wote. Dawa yake ni kuutenga udongo na ukuta. Fundi wa kujenga anachimba nyuma ya nyumba, anaacha nafasi ya kupita mtu, anashusha chini hadi usawa ulio chini kidogo ya sakafu ya ndani, kisha anajenga mfereji wa simenti wenye mteremko unaotoa maji pembeni. Ule udongo uliobaki juu unazuiwa kwa ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji.

Hapa sina budi kuweka onyo. Kazi hiyo isifanywe wakati wa mvua, na isifanywe na vijana wenye majembe tu. Mlima uliokatwa bila kutegemezwa unaweza kuporomoka juu ya mchimbaji, na msingi uliofukuliwa kwa urefu wote kwa siku moja unaweza kuangusha ukuta. Ingojee kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, na ichimbwe kipande kwa kipande, kimoja kikijengwa ndipo kingine kifuate. Fundi ajue pia maji ya mfereji yataishia wapi. Kadutu kila nyumba ina nyumba nyingine chini yake. Maji unayoyaondoa kwako yasiende kuangukia ukuta wa jirani wa chini, apate yeye kuvu yako na ninyi mpate ugomvi.

Kama mwenye nyumba hana pesa za mfereji mwaka huu, mwombe gutieri, mfereji wa bati ukingoni mwa paa. Maji ya paa lote yanayomwagika nyuma ya nyumba yanaingia palepale tunapotaka pakauke. Bati moja lililokunjwa na bomba la kuyapeleka mbele, kwenye pipa, yatapunguza unyevu na kukupa maji ya kufua. Kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja cha bei ndogo, ningechagua hicho. Kisha rangi ya mafuta ikwanguliwe yote, plasta iliyooza itolewe, ukuta uachwe uchi kiangazi chote ukauke, ndipo upakwe chokaa. Chokaa inauacha ukuta upumue, na ukali wake kuvu haiupendi.

Sasa javeli. Kusafisha kuna maana, ila ujue unasafisha tu, hujazuia. Watoto watoke nje. Funga mdomo na pua kwa barakoa, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, fungua dirisha. Usikwangue kuvu ikiwa kavu, maana mbegu zitaruka chumba kizima; ilowanishe kwanza kwa maji ya sabuni, usugue, ufute kwa kitambaa ambacho utakitupa au kukichemsha. Kwa ukuta wa simenti sabuni inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Baada ya sabuni unaweza kupaka javeli, kikombe kimoja ndani ya vikombe 16 vya maji, uiache ikauke. Usiichanganye kamwe na siki, wala na dawa ya kusafishia choo, wala na kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo unatoa gesi inayochoma mapafu. Kwa mbao na tripleksi javeli haifiki ndani, kwa hiyo tripleksi iliyooza itolewe. Na kuvu iliyokufa bado inawasha kifua, basi lazima ifutwe. Haitoshi kuipauza ikawa nyeupe.

Hukuniuliza juu ya chakula, lakini nyumba yenye ukuta wa namna hiyo karibu kila mara ina chakula kilicholowa. Gunia la unga wa muhogo, mahindi au karanga lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta. Mahindi na karanga zenye kuvu ya kijani au ya njano, usizioshe ukapika, wala usiwape kuku. Baadhi ya kuvu hizo zinatoa sumu iitwayo aflatoksini inayoharibu ini, na kuchemsha hakuiondoi. Kutupa chakula kunauma, lakini gunia hilo la karanga halina sehemu nzuri ya kuchagua kwa macho. Maharagi yaliyokauka sawasawa yatie kwenye bidoni (dumu), ujaze hadi juu, ukaze kifuniko. Hapo fukuzi, wadudu wanaotoboa maharagi, wanakosa hewa na unyevu hauingii.

Wale vidudu vyeupe vinavyotembea ukutani, vidogo kama punje ya chumvi, visikuogopeshe. Haviumi na havinyonyi damu. Vinakula kuvu yenyewe. Hewa ya chumba ikishuka chini ya asilimia 60 hivi ya unyevu, vinakauka na kufa bila dawa yoyote. Ukiona vimepungua, ujue ukuta unaelekea pazuri. Ni kipimo cha bure.

Mende nao wanarudi kwenye maji. Wale wadogo wa jikoni, wa rangi ya kahawia wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, wanaweza kukaa mwezi hivi bila chakula, lakini bila maji hawamalizi wiki mbili. Usiku kabla ya kulala, kausha meza na beseni, geuza sufuria zilizooshwa, funika ndoo ya maji, toa takataka nje, kamua tambara ulitundike. Ziba nyufa nyuma ya rafu kwa simenti au sabuni ya kipande iliyokandwa. Mwangalie jike: anabeba mfuko wa mayai mkiani, na ndani yake mna mayai 30 hadi 40. Dawa ya kupuliza inamuua yeye ukimpata, lakini wengi wanakimbilia vyumbani na mayai yanabaki. Asidi ya boriki ya duka la dawa, ikichanganywa na sukari na unga kidogo na kuwekwa ndani kabisa ya ufa kwenye kifuniko cha chupa, inafanya kazi polepole na kwa uhakika. Iwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, maana nayo ni sumu akiila.

Kuhusu ile chupa ya sokoni, mwombe kijana akuonyeshe lebo. Ukikuta neno dichlorvos au herufi DDVP, irudishe mkononi mwake. Inageuka mvuke kwa urahisi na kuingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi, na katika chumba kisicho na matundu, chenye mtoto anayekohoa, ni hatari kubwa kuliko mende wote. Chupa isiyo na lebo ni vilevile. Kama jirani yako amekwisha kuipuliza na mtu akaanza kutoa mate mengi, kutoka jasho, kutapika, kubanwa kifua na mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, mtoeni nje kwenye hewa, mvueni nguo zilizolowa dawa, mumwoshe kwa maji na sabuni, na mkimbieni hospitali na chupa yenyewe mkononi ili daktari ajue ni sumu gani.

Panya usiwape sumu ndani ya nyumba yenye watoto. Atakula, atafia juu ya plafo, na mtanuka naye wiki mbili. Tafuta njia yake kwanza: alama ya mafuta ya mwili wake chini ya mlango au kando ya boriti, na mavi kando ya ukuta. Tundu la milimita 6 linamtosha panya mdogo, na la milimita 12 linampitisha panya mkubwa ambaye hajakomaa. Shindilia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha simenti juu yake. Akijaribu kutafuna, nyuzi zitamshinda. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati. Mtego uwekwe kando ya ukuta, mdomo ukielekea ukutani, kwa sababu panya anapita akigusa ukuta na si katikati ya chumba. Weka samaki mkavu au siagi ya karanga kidogo sana, na siku mbili za kwanza uache mtego bila kuutega, azoee kula hapo. Ukimnasa, mshike kwa mfuko, usimshike kwa mkono mtupu, na mahali alipokojoa paoshwe kwa yale maji yako ya javeli.